Mgeni Sabuleni, Wenyewe Ndani

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Maneno haya yamekuwa yakinizunguka kichwani kwa muda sasa, kwani haupiti mwaka bila ya kusikia kuwa nyumba fulani ya kale katika miji yetu ya pwani imenunuliwa, imepakwa chokaa mpya, imetiwa vitanda vya samadari na taa za shaba, nayo imekuwa hoteli. Wasafiri wanazipenda hoteli hizi ndogo. Baadhi yake bei si ya kutisha, sura yake ni nzuri, na mtu hulala katikati ya mji wenye uhai badala ya kulala ufukweni nyuma ya ukuta mrefu. Mimi pia nimezilala, na sitasema kuwa sikulala vizuri.

Lakini siri ya nyumba ya wageni iliyo njema sikuipata Lamu wala Unguja. Niliipata Illasit, na huenda msomaji akauliza: Illasit ndiko wapi?

NJIA YA WAZEE WETU

Illasit ni mji mdogo wa mpakani katika kaunti ya Kajiado, upande wa Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro. Ukivuka tu umeingia Tarakea, wilaya ya Rombo, nchi ya Tanzania. Mtu wa Nairobi huufikia kwa njia ya Emali na Kimana. Mimi niliondoka Mombasa, nikapita Voi na Taveta, kisha nikaishika njia ielekeayo kaskazini kandokando ya mpaka kupitia Njukini, mlima ukiwa mkono wangu wa kushoto. Njia hiyo niliichagua kwa kusudi, kwani ni ya wazee wetu.

Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika Taveta kabla ya kuingia Umasaini. Hapo wapagazi walinunua chakula, wakakaa wakitunga shanga upya, kwa sababu Mmasai hakupokea shanga ila zilizotungwa kwa namna na urefu autakao yeye. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima wenye theluji, na vitabu vya shule vinamtaja yeye. Aliyemwongoza, Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia hiyo kama mtu ajuavyo kichochoro cha mtaani kwake, ni wachache wamtajao. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alijaribu kuingia Umasaini akitokea Kilimanjaro, akashindwa, akarudi nyuma. Hakufanikiwa mpaka alipojiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, wakapita Useri na Kimangelia, pande hizi hizi za mlima zinazotazama Kenya. Kimameta huyo huyo ndiye aliyeandamana tena na msafara wa Teleki, bwana mkubwa wa Kihangari, mwaka 1887.

Nayataja haya si kwa kujisifu. Msafara si jambo la kusifiwa lote. Pembe zilibebwa na vichwa vya watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Nayataja ili tusidhani kuwa mtu wa pwani akifika Illasit na kofia yake amefika ugenini kabisa. Mwaka ule wa 1883, Sayyid Barghash alipokuwa akijenga Beit al-Ajaib huko Unguja, watu wa mwambao walikuwa wakikoka moto wa kambi chini ya mlima huu na kubishana bei kwa Kiswahili.

Kisha ukaja mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana juu ya karatasi, wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba mpaka ziwa Viktoria, na ulipofika Kilimanjaro mstari ukaukwepa mlima kwa kaskazini, ukauacha upande wa Wajerumani. Watu hupenda kusimulia kuwa Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake mlima kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hiyo ni ngano tu. Lakini lililo kweli linatuhusu sisi zaidi: mapatano hayo hayo ya 1886 ndiyo yaliyompimia Sultani wa Unguja ukanda wa pwani wa maili kumi, wakamwambia huu ndio wako. Basi kalamu iliyoutenga mji wa Illasit na wa Tarakea ndiyo kalamu iliyotupimia sisi maili zetu kumi. Sisi na watu wa Illasit tumo katika karatasi moja, ila hatujapata kukaa tukaizungumza.

NYUMBA NILIYOFIKIA

Nilifika jioni, baridi ikianza kuteremka kutoka mlimani. Kwetu pwani neno baridi hulitumia ovyo, mtu akipigwa na upepo wa kusi husema kuna baridi. Baridi ya Illasit ni ya kweli, humwingia mtu mifupani. Nikaulizia pa kulala. Kijana wa bodaboda akaniuliza: "Mzee, wataka lojingi yenye baa au isiyo na baa?" Nikamwambia isiyo na baa, mwanangu. Akacheka, akasema amekwishajua kwa kofia.

Mpakani, lojingi nyingi ziko juu ya mabaa, na msafiri hulala na muziki mpaka karibu na alfajiri. Nyumba aliyonipeleka ilikuwa nyuma ya barabara kuu, na kwa nje haikuwa na la kumsimamisha mtu: ukuta wa matofali, bati juu, mlango wa kijani. Ndani nilikuta kiwanja kidogo cha saruji kilichofagiwa mpaka kikang'aa, migomba miwili pembeni, na vyumba vitano vimekizunguka. Chumba changu kilikuwa na sakafu nyekundu iliyopigwa dawa, kuta nyeupe, kitanda cha mbao nzito kilichochongwa na fundi wa hapo hapo, na blanketi mbili juu yake zimefunikwa shuka nyekundu ya Kimasai. Pazia la dirisha lilikuwa kanga ya Tanzania, doti moja iliyokatwa na kupindwa vizuri, na mwenye nyumba alijua kuiweka hivi kwamba jina la kanga lisomeke kwa mtu aliye kitandani. Juu ya rafu, birika tatu za kale za bati la rangi, kubwa, ya kati na ndogo. Picha ukutani haikuwako. Palikuwa na dirisha, na dirishani palikuwa na Kilimanjaro.

Bei yake ilikuwa shilingi 1,200 za Kenya kwa usiku, pamoja na ndoo ya maji moto na chai ya asubuhi. Nimelala katika vyumba vya bei mara kumi ya hiyo ambavyo aliyevipamba alikuwa na pesa lakini hakuwa na jicho. Huyu alikuwa na jicho.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, Mchaga wa Rombo aliyeolewa upande huu wa mpaka, na sasa ni mjane. Nilipomwuliza kwa nini hakuandika neno hoteli mlangoni, akanijibu: "Mzee, hoteli ni pale wanapokula watu. Hapa ni kwangu. Wewe umekuja kwangu." Msomaji ajua kuwa katika Kenya neno hoteli limehamia kwenye mkahawa, hata kibanda cha chai na mandazi ni hoteli. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa sahihi kwa lugha, na yalikuwa sahihi kwa jambo jingine nililokuja kulifahamu baadaye.

Nikamwuliza kibla. Hakujua kibla, lakini alinionyesha kaskazini bila ya kusita, nami hicho ndicho nilichokitaka, kwani kutoka Illasit, kama kutoka kwetu pwani, Makka iko karibu na kaskazini kabisa. Nikasali Magharibi, kisha Isha rakaa mbili kama msafiri, mlima ukiwa kushotoni kwangu, nyuma kidogo. Akaja mjukuu wake na chai ya tangawizi, akanipa "Shikamoo babu," akaondoka kinyumenyume. Huo ni uzuri wa mpaka: watoto wenye jamaa upande wa Tarakea hukupa shikamoo, na watoto wa shule za Kenya hukupa mkono, na wote wawili wamekuheshimu.

MJI WENYE UHAI

Nilikaa siku tatu, nazo ndizo haki ya mgeni kama tulivyofundishwa chuoni, kwani ya zaidi ya hapo ni sadaka. Kila alfajiri mlima ulikuwa wazi, Kibo na Mawenzi vyote viwili, na theluji iliyobaki ikipigwa na jua la kwanza. Kabla ya adhuhuri mawingu yalikuwa yamekwisha uvisha buibui.

Illasit hakuna mlango wa nakshi. Hakuna jengo la kupigiwa picha, wala kibao cha serikali kisemacho hapa pana historia. Lakini ukisimama sokoni kwa saa moja tu, historia utaisikia kwa masikio. Kuna Wamasai wa Kisongo, ambao koo zao ziko pande zote mbili za mstari wa 1886, na mtu aweza kuwa na ng'ombe Kenya na shemeji Tanzania. Kuna Wachaga walioteremka na ndizi zao, mikungu imepangwa chini kama majahazi bandarini. Kuna Wakamba na Wakikuyu wenye nyanya, vitunguu na maharage kutoka mashamba ya maji ya Kimana. Kuna mzee wa Kisomali na duka lake la vitambaa, na kwake nilipata tende. Shilingi mbili, ya Kenya na ya Tanzania, zinapita katika mkono mmoja, na mwanamke muuza maharage ambaye hakupata kuingia darasani hukupigia hesabu ya kubadilisha upesi kuliko karani wa benki.

Na lugha inayoviunga vyote hivi ni Kiswahili. Si Kiswahili changu cha mshairi, na si cha redio. Ni Kiswahili kilichopanda mlima na misafara, kikabaki misafara iliporudi, kikaokota maneno ya Kimasai na ya Kichaga njiani. Nilikaa na wauza kanga wakanisomea majina ya kanga zao moja moja, wakibishana juu ya maana, na ubishi ule ungeweza kuwa barazani Mkunguni. Nikajiambia: mabwana wanaoorodhesha miji ya urithi hawajafika hapa, lakini urithi wenyewe umefika siku nyingi.

SABULE

Siku ya pili ilikuwa na watu wengi, na vyumba vyote vitano vilijaa. Jioni akaja mfanyabiashara wa maharage na begi lake, mtu wa kutoka mbali, akaomba sana apewe hata chumba cha mwenye nyumba, naye yu tayari kulipa maradufu. Yule mama alikataa kwa upole. Alimtandikia godoro katika stoo safi, akamwuzia chakula, na pesa za maradufu hakuzichukua. Baadaye nilimwuliza kwa nini asingelala yeye na wajukuu stoo kwa usiku mmoja, apate faida. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Siku nikikikodisha changu, mzee," akasema, "nani atakayewakaribisha nyinyi?"

Hapo ndipo niliposhika. Vyumba vitano vya mbele vina mlango wao wa kutokea barabarani. Vyumba viwili vya nyuma, nyuma ya migomba, ni vyake na binti yake na wajukuu, na mgeni hana njia ya kufika huko. Mama huyu wa Rombo, ambaye hakupata kuiona bahari, alikuwa amejenga sabule, na neno sabule hajapata kulisikia.

Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitaeleza. Nyumba ya mawe ya kwetu haiingiwi mara moja. Kuna daka, mahali pa kukaa nje na kuzungumza na mpita njia. Kuna tekani, ambapo mlango umegeuzwa ili macho ya njiani yasifike ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, kisha ndani, na kila uingiapo sakafu hupanda kidogo na nakshi za chokaa huzidi, mpaka kufika kwenye zidaka zenye vyombo vya kaure. Nyuma kabisa ni nyumba kati, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti. Sabule haiko katika msururu huo. Sabule iko kando, karibu na tekani, ina njia yake na choo chake, nayo ndiyo ya mgeni.

Na mgeni huyo hakuwa mpita njia wa usiku mmoja. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuja na pepo za kaskazi kutoka Omani, Hadhramaut au Bara Hindi, naye hawezi kuondoka mpaka kusi ivume. Miezi yote hiyo alikaa kwa mwenyeji wake. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi vijana walivyokuwa wakiziendea jahazi na vyakula, kila mmoja akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wangu, na mgeni hakushukia ila kwa huyo, na huyo ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Basi biashara ya pwani yetu ilisimama juu ya jambo hili: mgeni ana chumba chake, na mwenyeji yuko nyumbani. Mwenyeji akikosekana, chumba hicho si sabule tena. Ni chumba tu.

NDANI IMEKUWA YA NANI?

Sasa tazama hoteli zetu. Lamu mji wa kale ulihifadhiwa kwa sheria mwaka 1986, ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mji Mkongwe wa Unguja ulipata mamlaka yake ya kuuhifadhi mwaka 1985, ukaingia orodha hiyo mwaka 2000. Mambo haya ni mema. Kabla yake kuta zilikuwa zikianguka. Huko Unguja wenye nyumba wengi walikuwa wameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyumba zao zilijaa wapangaji wasio na uwezo wa kununua hata pishi ya chokaa. Haki yasema niwasifu pia wenye hoteli: baadhi yao ndio waliowaita tena mafundi wa chokaa na wa milango, wakawalipa, ufundi usipotee. Na anayedhani nyumba za mawe hujisimamisha zenyewe aikumbuke Beit al-Ajaib. Jengo lile la Sayyid Barghash liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, nalo lilikuwa katika kutengenezwa.

Lakini nyumba nyingi za Mkomani na za Shela zimekwenda mikononi mwa watu wa mbali, na wenyewe wamehamia pembezoni mwa mji, penye bati na kiwanja cha bei nafuu. Katika hoteli moja niliyolala, sitaitaja, chumba cha bei ya juu kabisa ni ndani, pale alipokuwa akikalishwa bibi harusi. Nyumba kati imefanywa mahali pa kubadilishia nguo. Na sabule, chumba kilichojengwa kwa ajili ya mgeni tangu mwanzo, imejazwa madebe ya rangi na mashine ya umeme. Nyumba imegeuzwa kichwa chini. Mgeni amepewa kila kitu isipokuwa mwenyeji.

Na mgeni mwenyewe anahisi. Msafiri mmoja kutoka Ufaransa aliniambia gengeni Lamu kuwa hoteli yake ni nzuri sana, lakini amekaa siku nne na mtu wa Lamu aliyezungumza naye ni mletaji taulo. Alikuwa amelipia uhai wa mji, akapewa kuta zake.

SHAURI LA MIRATHI

Jambo hili kwangu si la gazeti peke yake. Nilikwenda Illasit na mzigo moyoni. Mama yangu mkubwa, Mungu amrehemu, ameacha nyumba Mkomani, na warithi ni wengi: wengine Mombasa, wengine Maskati, mmoja Uingereza. Kila mmoja ana fungu lake kama sheria ya Mwenyezi Mungu ilivyogawa, na hakuna mwenye uwezo wa kuwalipa wenziwe mafungu yao. Mnunuzi amekwisha kuja. Ametaja bei, na bei yake ni kubwa.

Nyumba nyingi huondoka kwa mlango huu. Haziondoki kwa hila ya mgeni. Huondoka kwa sababu warithi tisa au kumi na mmoja hawawezi kukaa katika nyumba moja, wala hawawezi kuitengeneza kwa kuchangishana, wala hawataki kugombana. Kuuza huonekana kuwa ndiyo njia ya amani. Simlaumu mtu. Mwenye mtoto wa kusomesha halishi watoto zidaka.

Lakini yule mama wa Illasit amenionyesha njia ya tatu, iliyo kati ya kuuza na kuiacha nyumba ianguke. Na warithi waandikiane, mbele ya kadhi na mashahidi, kuwa nyumba haiuzwi. Mmoja wao, yule aliye mhitaji zaidi au aliye tayari kurudi, akae ndani na watoto wake, awe ndiye mwenyeji. Sabule itengenezwe kwanza, na chumba kimoja au viwili vya juu vyenye njia yao, vikodishwe kwa wasafiri kwa bei ya watu. Kijacho kitengeneze dari na boriti, kisha kinachobaki kigawanywe kwa mafungu. Ambao Mungu amewapa uwezo waweza kuliweka fungu lao wakfu kwa ajili ya kizazi, lisiuzwe daima.

Nasikia wakiuliza: je, mtu wa kwetu atajua kupamba? Ndugu zangu, ni nani aliyempambia huyo mnunuzi, kama si fundi wa kwetu? Kitanda cha samadari ni chetu, mkeka ni wetu, udi na asumini ni vyetu. Mama wa Illasit hakusomea mambo hayo. Alitazama alichonacho, akakisafisha, akakiweka mahali pake. Kanga moja, birika tatu na shuka la Kimasai vimempa chumba ambacho mtu hakisahau. Na je, mgeni atakubali heshima zetu, asiingie na chupa, asitembee uchi kiwandani? Mama yule ana kanuni zake, hazikuandikwa popote, na sikuona mgeni aliyezivunja, kwa sababu mwenye kanuni alikuwapo. Kibao ukutani hakiogopwi. Huheshimiwa uso wa mtu.

Nikiwa Illasit, usiku wa tatu, niliandika beti mbili nyuma ya karatasi ya basi. Nazitoa hapa kwa wasomaji wa ukurasa huu:

Nimelala mpakani, mlimani chini yake,
Nikapewa cha ugeni, mwenyewe ana cha kwake,
Hakuhama ubavuni, mwa majirani wenzake,
Mji haumo jiweni, u katika watu wake.

Nanyi ndugu zangu pwani, wenye mlango na kuta,
Mgeni mpokeeni, na pesa mkizipata,
Mlazeni sabuleni, ndani tusije ijuta,
Nyumba isiyo wandani, ni kaburi la kumeta.

Kikao cha warithi kimewekwa baada ya Idi. Wapo watakaosema kuwa mshairi anapenda kuta kwa sababu hana deni la kulipa, nao wana haki ya kusema. Mimi nitaomba jambo moja tu: kabla ya kutia saini, tuifungue sabule ya mama mkubwa, tutoe makanda na viti vilivyovunjika, tuifagie, tuone ina ukubwa gani. Kisha kila mmoja aseme apendalo. Mnunuzi kama ni mtu mwema atasubiri, na akitaka kulala Lamu usiku huo, chumba chake kitakuwa tayari.